Sega la Kubakisha

Dawa ilifika Kapsitet wiki moja baada ya kesi kupangiwa tarehe, na ilikuja bure. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Mtu akiipokea, anapona. Akipona, ushahidi wake umefutika.

Sigilai arap Ngusilo alilisikia gari kabla ya kuliona. Lilipanda mteremko likipayuka kwa kipaza sauti, likiwaita wenye sukari, wenye presha na wenye macho mazito waende kwa chifu wapate tiba ya kisasa. Yeye alikuwa ameketi nje ya nyumba, mguu wa kulia juu ya debe, akifukuza nzi kwenye kidonda. Vidole viwili vya mguu huo vilikwisha kukatwa. Cha tatu kilikuwa njiani.

"Tulipoomba hata bandeji, walisema barabara mbovu," alisema. "Leo barabara imepona."

"Barabara haijapona," alisema dada yake, Taprandich, aliyekuwa akichambua maharagwe kwa kupapasa. "Wameamua tu kuchafuka."

"Wewe unacheka."

"Nikilia watageuza gari?"

Taprandich alimzidi Sigilai miaka michache, na sukari ilikuwa ikimla macho. Mawe ya maharagwe aliyatambua kwa ncha za vidole. Jiwe lililompita lilimvunja Sigilai jino jioni, nao wakagombana mpaka moto ukazimika.

Kapsitet hapakuwa na nyumba isiyo na mgonjwa wa sukari. Kwa muda mrefu madaktari waliwaambia Waogiek wa pale, watu wa msitu na asali, kwamba ni wavivu, ni walevi, wanapenda soda. Kisha ikaletwa zahanati mashine ya kusoma damu. Jina lake lilikuwa refu na la kigeni, kwa hiyo watu waliiita Kogo, yaani bibi, kwa kuwa ilijua bibi zao walikula nini. Ukiweka kidole, Kogo anachukua tone, ananguruma kidogo kama paka aliyeshiba, kisha anasema kwa Kiswahili cha redio: "Tabaka la kwanza ni lako. Tabaka la pili ni la mzazi wako." Hivyo hivyo mpaka kwa watu waliokufa zamani. Damu aliisoma kama mtu anavyosoma miduara ya gogo lililokatwa.

Tabaka la nne lilikuwa njaa kwa kila mtu.

Muuguzi wa zahanati, Nasimiyu, aliwaeleza mara nyingi mpaka wakaelewa. Mama akishinda na njaa akiwa na mimba, mwili wake humwonya mtoto tumboni: huko unakokwenda hakuna chakula, ukipata kidogo weka akiba. Mtoto huzaliwa na onyo hilo ndani ya kila chembe ya damu yake, naye akizaa hulipitisha. Mwili wa namna hiyo ukila asali na nyama ya pori hauna shida. Upe unga wa kambi, sukari ya duka na mafuta ya kopo, nao utaweka akiba, na kuweka, na kuweka, mpaka miguu inaoza.

Na njaa yenyewe kila mtu alijua ilikotoka. Serikali ya mkoloni iliufunga msitu, ikasema miti ni mali yake. Askari wa misitu wakapita wakiishusha mizinga na kuichoma, nyuki wakiwa ndani. Watu wakasukumwa mpaka kambini, wakapewa posho ya mahindi yenye fukusi. Baadaye ikaja serikali ya wananchi, ikakuta ufunguo umening'inia kwenye kufuli. Haikuugusa.

Sasa walikuwa mahakamani kudai msitu. Upande wa serikali ulishikilia kwamba mababu waliondoka kwa hiari yao, wakifuata kazi na shule, wakiwa wameshiba. Karatasi za enzi hizo ziliandika hivyo, na aliyeziandika ndiye aliyechoma mizinga. Kogo alisema vingine. Mahakama ilikubali kumsikiliza, ila kwa sharti: majibu yaliyochapishwa hayatapokelewa, maana hughushiwa. Damu isomwe mbele ya jaji, siku ya kesi, kutoka kwa mtu aliye hai, angalau mmoja kwa kila eneo la asali. Maeneo yalikuwa sita, kila ukoo na kipande chake cha msitu kutoka mto hadi mto. Cha akina Sigilai kiliitwa Tegat, kwa ajili ya mianzi yake.

Na sasa gari lilikuwa kwa chifu likigawa kiraka. Unabandikwa mkononi, unakaa nacho mpaka kianguke chenyewe, na dawa inaingia polepole, ikiushawishi mwili kwamba njaa imekwisha. Damu inasahau. Kogo akikusoma baada ya hapo, anaona tabaka moja tu, lako wewe.

"Hawakuja kututibu," alisema Sigilai. "Wamekuja kutuosha."

"Kama wanatuosha na tunapona?" aliuliza Taprandich.

Sigilai alirudi kufukuza nzi, na swali hilo lilimuudhi zaidi ya lile gari.

*

Wakili Mutheu alipiga simu jioni hiyo. Picha yake ya mwanga ilisimama juu ya meza, urefu wa chupa ya soda, ikipeperuka kila upepo ulipoyumbisha waya wa umeme wa jua.

"Mzee, asiguse mtu kile kiraka."

"Mtu yupi?"

"Yeyote. Nataka watu hamsini pale mahakamani. Wakisomwa mmoja baada ya mwingine, jaji mwenyewe ataomba maji."

"Jaji alisema mmoja kwa kila eneo."

"Na huyo mmoja akifa?"

"Kwa hiyo wengine waendelee kuoza wakiwa spea."

Mutheu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa ameifanya kesi hiyo kwa miaka bila kulipwa kitu cha maana, na viatu vyake vilijua tope la Kapsitet. "Mzee, mimi siwezi kuchagua kwa niaba yenu," alisema. "Nawaambia tu namna ya kushinda."

"Namna ya kushinda tunaijua. Tunakufa wengi, halafu tunashinda."

Alikata simu. Binti yake Cherono alikuwa amesimama mlangoni, kanga imefungwa juu ya tumbo lililokuwa limeanza kuonekana. Alikuwa amesikia yote.

"Baba, kesho nakwenda kubandikwa."

"Subiri kwanza tukae kama watu tuzungumze."

"Sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kukuambia, usije ukasikia kwa chifu." Aliketi kwenye kigoda, akashusha pumzi. "Nasimiyu anasema nikichelewa hata kidogo, mtoto atakuwa amekwisha kulipokea lile onyo la njaa. Kesi mmeshaiahirisha mara ngapi? Mimba haiahirishwi."

"Siiahirishi mimi."

"Najua. Lakini ni wewe utakayewaambia watu wasubiri, na watakusikiliza, kwa sababu wewe umekwea miti mingi ya mizinga kuliko wao. Mama alisubiri. Alikatwa mguu huu, akakatwa na huu, tukamzika mfupi kama mtoto. Mtoto wangu hana kesi na mtu, Baba."

Sigilai alitazama kidonda chake. Alijua vizuri kwamba binti yake akienda, kesho kutwa Kapsitet nzima itakuwa kwenye foleni, na Tegat itakuwa imekwenda kwa amani, bila askari na bila moto, kwa kiraka cha ukubwa wa kiganja.

"Nenda," alisema mwishowe. "Nenda mapema, kabla jua halijawa kali."

*

Mkutano ulikuwa mkali. Waliokuwa na maumivu walitaka kiraka. Waliokuwa na hasira walitaka kesi. Wengi walikuwa na vyote viwili, na hao ndio waliopiga kelele kuliko wote. Mzee mmoja alisema serikali ingekuwa na aibu ingechoma tena mizinga, maana angalau moto unauona. Kijana mmoja alimuuliza kama alitaka kufa na ushahidi wake tumboni kama sindano iliyomezwa.

Sigilai aliwaacha wachoke. Kisha alisimama kwa mkongojo.

"Mnapanda kuvuna mzinga. Mnakomba wote?"

Swali lilikuwa la kitoto, na kwa hiyo kila mtu aliona kuna kitu nyuma yake.

"Mnabakisha sega," alisema. "Moja. Nyuki wasikimbie, wapate pa kuanzia. Basi tuvune. Wote wakabandikwe, wabebe watoto wao wakabandikwe. Kila ukoo ubakishe mtu mmoja. Sega moja kila mzinga. Jaji anataka sita, atapata sita."

"Wataje sasa hao sita," alisema kijana yule.

Wazee waligeuka wakamtazama kama aliyekohoa kanisani.

"Tangu lini mtu akataja alichobakisha?" aliuliza Taprandich kutoka kona ya akina mama.

Na hapo hapakuwa na ubishi. Mvunaji hasemi amebakisha nini mzinganini. Akisema, amemwelekeza mwizi; tena amejisifu, na nyuki hawakai na mtu wa majivuno. Nyumba ya mvunaji haiulizi. Mkewe haulizi. Wakakubaliana kwamba kila mtu asimame kwenye foleni na kubandikwa hadharani, chifu aone, gari lione, wakubwa waandike kwamba Kapsitet imekwisha. Yule wa kubaki atakibandua kiraka chake nyumbani. Nani ni nani, hilo litabaki moyoni mwake mwenyewe.

Mutheu aliambiwa kwa simu. "Sita tu," alisema. "Mungu awaweke hai."

*

Foleni ilikuwa ndefu na yenye furaha ya ajabu, kama ya harusi. Sigilai alimshika Taprandich mkono, akamtanguliza.

"Huyu kwanza," alimwambia Nasimiyu. "Macho yake hayawezi kusubiri."

"Hata wanaume wananisubiri, macho ndiyo yasisubiri?" alisema Taprandich, akakunja mkono wa sweta.

Nasimiyu alibandika, akapapasa kingo. "Usikikune, mama. Usikibandue. Kitaanguka chenyewe."

"Mimi ni mtu wa kubandua vitu?"

Sigilai naye alibandikwa. Usiku alitoka nje kama mtu anayekwenda chooni, akakibandua, kikaondoka na vinyweleo vya mkono wake, akakitupa shimoni. Hakujiona shujaa. Alijiona mjinga aliyefanya hesabu: Cherono ana mtoto, Taprandich ana macho bado, yeye ana mguu ambao tayari nusu yake iko kaburini. Nani mwingine abaki Tegat? Jambo lilikuwa wazi kiasi kwamba hakuona la kujadili na mtu.

Asubuhi aliona mbuzi wa dada yake ana kipara shingoni, akampiga kofi la tako. "Acha kujikuna kwenye seng'enge, mpumbavu wewe."

*

Kesi ikaahirishwa. Jaji alikuwa na msiba. Ikaahirishwa tena, faili lilikuwa ghorofa nyingine. Ikaahirishwa kwa sababu wakili wa serikali alikuwa nje ya nchi akihudhuria kongamano la haki za watu wa asili. Mutheu alipoisoma barua hiyo kwa sauti, hata yeye ilimshinda, akaweka kichwa mezani.

Cherono alijifungua msichana. Walimpeleka kwa Kogo, naye akanguruma, akasema: "Tabaka moja. Hakuna kumbukumbu ya njaa." Wengine walipiga vigelegele. Wengine walinyamaza, kwa sababu mtoto alikuwa amesomwa kama mtu asiyetoka popote. Lakini nyumbani, akina mama walipokaa kumtajia majina ya marehemu, jina moja baada ya jingine, mtoto alipiga chafya kwenye la mama yake Sigilai. Basi likawa lake, na Kogo hakuulizwa.

Mguu wa Sigilai ulikatwa chini ya goti. Alilitarajia hilo. Jambo ambalo hakulitarajia lilikuwa macho ya Taprandich. Yalizidi kufifia. Kwanza aliacha kuona maharagwe, kisha akaacha kuona sufuria, kisha asubuhi moja akamuuliza Sigilai mbona leo hakujapambazuka, na jua lilikuwa limeshafika mlangoni.

Sigilai alikwenda zahanati kwa mikongojo miwili, akifoka tangu getini.

"Dawa yenu ni maji."

"Dawa si maji," alisema Nasimiyu. "Mjukuu wako amesomwa hapa, ukiwa umesimama hapo hapo."

"Basi mlitoa ya kweli kwa vijana, wazee mkawabandika plasta."

"Mzee, kiraka ni kimoja kwa wote. Kikikaa, kinafanya kazi."

"Mbona haoni?"

Nasimiyu alimtazama, kisha akasema, "Mlete nimsome kwa Kogo, tutajua."

Taprandich alikataa. Alisema amechoka kuchomwa vidole, kwamba macho ni yake na ameyatumia ya kutosha. "Nilishaona watu wote wazuri," alisema. "Waliobaki ni wewe." Sigilai alikwenda kulala akiwa amekasirika. Aliikasirikia serikali, akamkasirikia muuguzi, na zaidi akakikasirikia kile kiraka, ambacho alikuwa amemshikia dada yake mkono akabandikwe.

*

Siku ya kesi Kogo aliwekwa mezani mbele ya jaji, waya wake umekanyagwa na kiti cha karani. Wakili wa serikali alikuwa ametulia. Alikuwa na taarifa ya gari: Kapsitet yote imetibiwa.

"Eneo la Tegat," aliita karani.

Sigilai alisimama kwa mikongojo. Nyuma yake alisikia benchi likilia. Aligeuka. Taprandich alikuwa amesimama pia, mkono begani kwa Cherono.

"Keti, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Wamemwita wa Tegat."

"Nimesikia. Keti wewe."

"Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Jaji aliuliza shahidi ni yupi kati yao. Wote wawili walijibu. Watu wakaanza kucheka. Jaji akasema basi wasomwe wote, asubuhi isiishe.

Sigilai aliweka kidole. Kogo alinguruma. "Tabaka la nne. Njaa kali, ya muda mrefu." Cherono akamwongoza shangazi yake mpaka mezani, akamwekea kidole mahali pake. Kogo alinguruma tena, na kwa sauti ile ile, bila kupunguza wala kuongeza, akasema, "Tabaka la nne. Njaa kali, ya muda mrefu."

Kicheko kikakoma.

"Kiraka ulikipeleka wapi?" aliuliza Sigilai.

"Nilimbandika mbuzi."

Karani peke yake ndiye aliyecheka, akajizuia.

"Nilikuwa nimebaki mimi," alisema Sigilai. "Tangu usiku ule ule. Nilibaki ili wewe uone."

Taprandich alimgeuzia uso, kidogo upande usio wake, kama wafanyavyo vipofu wapya. "Na mimi nilibaki ili uwe na miguu. Ulikuwa na kidonda, ulikuwa na binti, na mjukuu njiani. Mimi nilikuwa na nini? Nikasema, macho yenyewe yameshakwenda nusu."

"Ungesema."

"Wewe ungesema."

"Ningekukataza."

"Ndiyo maana."

Karani aliita eneo la pili, na wakasimama watu watano. Aliita la tatu, wakasimama wanane, mume na mke wakiwemo. Walitazamana kama watu waliokutana sokoni bila kutarajia. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyejitolea kimya, na kila aliyejitolea alidhani yuko peke yake. Walisomwa mpaka jua likageuka. Tabaka la nne, tabaka la nne, tabaka la nne. Jaji aliomba maji.

Mutheu alikuwa na machozi ya furaha. Alikuwa amepata spea zake zote. Alipomfikia Sigilai kwenye ngazi, alinyosha mkono, akauona uso wake, akaurudisha.

*

Hukumu iliwapa maeneo manne kati ya sita, na Tegat ilikuwamo. Mianzi hakuna tena. Serikali ilishapanda misaiprasi ya mbao kwa mistari, na nyuki hawana kazi na msaiprasi. Sigilai alimwelekeza mkwewe akiwa ameketi chini, wakatundika mzinga mmoja kwenye mwerezi mzee uliosahauliwa bondeni. Taprandich aliletwa, akaugusa mti, akauliza kama kuna sauti. Walimwambia bado.

Siku hiyo wale waliokuwa wamebaki bila dawa walikwenda kubandikwa viraka, wote, na safari hii kila mmoja alisema wazi kwamba anakwenda.

Gharama ilikuwa hii. Mahakama ilitaka watu sita. Waliobaki walikuwa thelathini na wanane. Kati ya foleni na hukumu walikufa saba, na hata bila wao sita wa mahakama walitimia. Ilikatwa miguu tisa. Vipofu walikuwa watatu. Kwa upande wa Tegat peke yake: mguu mmoja, ambao ulihitajika, na macho mawili, ambayo hayakuhitajika.